Naomba ushauri: Dubai kwenda Guangzhou, nipande asubuhi au usiku?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wazoefu wa safari za China. Mwezi wa kumi nataka niende na mama yangu Guangzhou kwenye yale maonesho ya Canton, ila tutaanzia Dubai tukae siku mbili Deira kuangalia bei za vitambaa ndo tuendelee. Nimecheki ramani naona ni kama kilomita 5,800 hivi, ndege ya moja kwa moja inachukua kama masaa saba, na kurudi inazidi kidogo sababu upepo wa juu unavuma kutoka magharibi.

Sasa kinachonichanganya ni saa, Guangzhou wako mbele ya Dubai masaa manne, yani ukiruka saa nne asubuhi unatua saa tatu usiku ya kule, na mama ana miguu inayovimba akikaa sana, sitaki ahangaike usiku kutafuta hoteli hata lugha hatuijui. Je, ya usiku ili tufike mchana ndo nafuu, au mtu mzima itamchosha zaidi? Waliosafiri na wazazi wao nisaidieni jamani, nataka nikate tiketi wiki hii.