Meneja anataka majina 8 ya kupunguzwa kabla ya Ijumaa. Naanzia wapi?

KambaNyeupe
Habari za usiku wakuu. Naomba ushauri, na naomba wa haraka maana zimebaki siku nne.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kusokota kamba za mkonge hapa Tanga. Jina la kiwanda naliacha. Sehemu yangu ina watu 26. Mnunuzi wetu mkubwa wa nje kapunguza oda, na mashine iliyofungwa mwezi wa tatu inafanya kazi iliyokuwa ya watu watano. Leo asubuhi meneja kaniita, hata kiti hakunipa, akasema: "Niletee majina 8 kabla ya Ijumaa. Anza na wale wanaokusumbua."

Nimekaa na daftari tangu magharibi. Kila jina ninaloandika nalifuta. Nina mzee wa miaka 58, kakaa pale miaka 19. Mikono imekuwa mizito, lakini mashine ikibadilisha mlio yeye anajua imeharibikia wapi kabla fundi hajafika. Nina binti karudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi, anatoka mapema kwenda kunyonyesha. Nina vijana wanne hawajamaliza miaka miwili, na hao ndio wanaoiweza mashine mpya. Yupo mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, ambaye meneja akisikia jina lake tu uso unabadilika. Na yupo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nilimwingiza mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

Haki iko wapi hapa? Wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka? Niangalie nani anazalisha zaidi? Au nani ana watoto wengi wa kulisha?

Mtoto wa Makorora
Pole mkuu. Mimi nasema toa wa mwisho kuingia, basi. Tarehe za kuajiriwa ziko kwenye mafaili, hakuna wa kusema umependelea.

KambaNyeupe
Nikifanya hivyo nawatoa vijana wote wa mashine mpya. Nani ataiendesha?

Bi Chumbageni
Kaka, pole sana. Nimefanya kazi ya utumishi viwandani miaka 14, nimeshiriki kupunguza watu mara tatu. Mara ya kwanza tuliharibu, kwa hiyo ninachokwambia nimekilipia.

Funga hilo daftari kwanza. Majina ni jambo la mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza, aeleze wazi hali ilivyo, halafu akae na wafanyakazi au chama chao. Pale wanazungumza sababu, njia za kukwepa au kupunguza idadi ya wanaotoka, namna ya kuwachagua, lini, na malipo. Umeona hapo, namna ya kuchagua ni jambo la kikao. Orodha ikiandikwa Ijumaa, kikao cha Jumatatu kinakuwa cha kuwahadaa watu. Sisi tulipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, tuliulizwa orodha iliandikwa tarehe ngapi na kikao kilikaa tarehe ngapi. Hatukuwa na jibu.

La pili, hao "wanaokusumbua". Mtoro au mvivu ana njia yake: onyo, kikao cha nidhamu, nafasi ya kujitetea. Anayepunguzwa hana kosa lolote, kazi ndiyo imepungua. Ukiwachanganya kwenye orodha moja, wote 8 wanatoka getini na doa. Tanga ni mji wa watu kujuana. Kijana akienda kuomba kazi bandarini au kwenye saruji, kabla hajakaa ataulizwa kule alifanya nini.

Sasa namna ya kuchagua. Anza kuandika kazi, watu baadaye. Kazi zipi zinabaki baada ya mashine mpya? Kila moja inataka watu wangapi? Wanaopimwa ni wale wa kazi zinazopungua, pamoja na wengine wanaofanya kazi inayofanana nazo. Kama kusokota ndiko kumepungua, mtu wa kufungasha anaingiaje? Ukishapata kundi, chukueni vigezo vinavyopimika. Kanuni za 2007 zinataja muda wa utumishi, ujuzi na uzoefu maalumu, sifa, na haja ya kubakisha kazi za msingi. Mpe kila mtu alama, wapimaji wawe wawili wasiokaa pamoja, na kila alama iwe na karatasi nyuma yake: mahudhurio, uzalishaji, mafunzo. Masikio ya yule mzee ni ujuzi. Yaandike.

Binti wa uzazi: miezi aliyokuwa likizo isihesabiwe kabisa kwenye mahudhurio wala uzalishaji. Mpime kwa kipindi alichokuwepo. Mwakilishi wa tawi vilevile, apimwe kama wenzake, asiongezewe wala kupunguziwa alama. Ujauzito na uanachama wa chama haviwezi kuwa sababu ya haki hata siku moja, na meneja wako aambiwe hivyo kwa maandishi.

Watoto wengi wa kulisha: naielewa huruma yako, lakini usiingie huko. Utamwambia nini asiyejaliwa mtoto anayemtunza mama yake mgonjwa?

Na shemeji: wewe usimpime. Mwandikie meneja leo kwamba ni ndugu, ampe mtu mwingine.

Mtoto wa Makorora
Bi Chumbageni nakuheshimu, ila alama zinapikwa. Nimeona mtu anapewa 2 kwenye "ushirikiano" kwa sababu alikataa kazi ya Jumapili bila ovataimu. Tarehe ya ajira haipikiki.

Bi Chumbageni
Ni kweli, wala sikupingi. Ndiyo maana vigezo vikubaliwe kikaoni kabla hajapimwa mtu, na vitu kama "ushirikiano" au "moyo wa kazi" viondolewe, havina kipimo. Kila mtu aonyeshwe alama zake na apewe nafasi ya kuzipinga. Watu wakilingana, hapo tarehe yako ndiyo iamue.

Mzee wa Pongwe
Wanangu, nimesoma nikakumbuka mbali. Miaka ya 1980 nilikuwa karani wa korona, pale majani yanapokamuliwa nyuzi, kwenye shamba la mkonge. Kamba za plastiki zilikuwa zimeshaua bei, kila mwaka ekari zinaachwa pori. Asubuhi moja tukapangwa mstari, msimamizi akasoma majina. Aliyesomwa anakaa kushoto. Nilikaa kushoto.

Kutoka kazini niliweza kukubeba. Kilichonikaa moyoni miaka yote hii ni kwamba sikuwahi kuambiwa kwa nini mimi, na mwenzangu wa meza moja akabaki. Nilimchukia yule mwenzangu bure mpaka amekufa. Msimamizi aliyesoma majina alikuwa jirani, tulikuwa tunakunywa kahawa baraza moja. Hakuja tena, na sisi hatukumwita. Nadhani naye aliumia.

Mwanangu, ikifika siku hiyo, ita mtu mmoja mmoja, mkalishe, mwambie sababu yake machoni.

KambaNyeupe
Shikamoo mzee. Nimekuelewa.

Wa Tawi
Upande wa malipo, kwa sababu watu wakijua haki zao wengine wanajitokeza wenyewe. Anayelipwa kwa mwezi, notisi si chini ya siku 28. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10, na lazima awe ametimiza miezi 12. Kwa hiyo mzee wako wa miaka 19 sheria inampa siku 70 tu, sawa na mwenye miaka 10. Inauma. Someni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kama mnao, mara nyingi una zaidi, na kikaoni mnaweza kuomba zaidi. Kuna na malipo ya likizo, nauli kwa aliyeajiriwa kutoka mbali, na cheti cha utumishi. Vijana waliochangia NSSF si chini ya miezi 18 waulizie fao la kukosa ajira.

Kabla ya yote hayo, je, mmesimamisha vibarua? Mmekata ovataimu? Mmeuliza nani anataka kuondoka kwa hiari? Mwenye miaka 55 na kuendelea anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, ila asisukumwe. Kumwambia mzee "wewe si unapumzika tu" mara tatu kwa wiki ni kumsukuma.

Na wakikosa kuelewana kikaoni, jambo linaenda kwenye usuluhishi. Atakayeachishwa akiona kaonewa ana siku 30 za kufika CMA. Wengi wanakuja ya 40 na barua mkononi, hapo inabidi aanze kwa kuomba aongezewe muda.

Mama Wawili
Mimi nilijua nimepunguzwa kwa mlinzi wa getini. Kadi yangu ilizuiwa. Msimfanyie mtu hivyo, tafadhali.

KambaNyeupe
Wakuu, nimerudi. Leo ni Alhamisi.

Sikupeleka majina. Nilipeleka karatasi mbili: moja ina kazi zote za sehemu yangu na idadi ya watu inayohitajika, ya pili inasema shemeji ni ndugu yangu na sitampima. Meneja alikasirika, akaniuliza kama nimegeuka mwanasheria. Nikamsomea kile kifungu cha 38. Akanyamaza, akampigia simu mtu wa makao makuu, mimi nimesimama. Kikao na tawi kimepangwa Jumanne saa tatu asubuhi, barua imebandikwa ubaoni. Vibarua wa kupakia wamesimamishwa kuanzia kesho, na nikihesabu upya naona kazi zilizopungua ni 6, sio 8.

Nyumbani si kuzuri. Mke wangu anasema nimemtupa ndugu yake mikononi mwa watu baki.

Yule mzee kanifuata wakati wa chai, kaniuliza siku 70 kwake ni shilingi ngapi. Sikutaka kumjibu kwa kukisia. Karani wa mishahara anamkokotolea, atampa kesho kwenye karatasi.