Mikono ya kreni ya rafu inagonga katoni mwishoni mwa konveya

FundiMota:
Wakuu, kreni yetu ya rafu (mashine inayopanga mizigo kwenye rafu) huchukua katoni za milimita 600 kwa 400 mwishoni mwa konveya, yaani njia ya rola inayosafirisha mizigo. Mikono miwili inarefuka sambamba na ule upande wa 600, vidole vinafunga nyuma, kisha inavuta. Kati ya mikono kuna milimita 424. Mara kwa mara mkono unagonga kona, torki (nguvu ya kuzungusha) ya mota inapanda na kreni inasimama. Nyingine zinafika rafuni zikiwa zimekaa mshazari, hasa ngazi za juu. Kuna wazo la kuongeza kikomo cha torki. Mnasemaje?

RolaNaReli:
Hicho kikomo msikiguse mkuu, ndicho kinachozuia mikono isipinde. Katoni hiyo ikikaa mshazari kwa nyuzi 3 tu, inahitaji upana wa karibu milimita 431. Nyinyi mna 424. Kreni inalaumiwa bure, chanzo kiko kwenye konveya.

Katoni inafika kwenye kizuizi kwa kasi gani? Ikifika kwa mita 0.5 kwa sekunde na konveya inapunguza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde mraba, inahitaji milimita 125 ili isimame. Kwa mita 0.2 inahitaji 20 tu. Kwa hiyo wekeni sensa (kitambuzi) ya kupunguza mwendo mapema, la sivyo inagonga kizuizi, inaruka nyuma na kugeuka. Baada ya kona ya nyuzi 90, wekeni rola zilizoinama ziisukume katoni ielekee ukingo mmoja, na huo ndio uwe rejea. Kuibana pande zote mbili kwa pamoja kunakunja katoni laini.

FundiMota:
Kona ipo, na baada yake hakuna ukingo kabisa. Nitajuaje katoni imepinda kabla mkono haujatoka?

SensaMbili:
Funga sensa mbili za mwanga zilizopangwa kukingama konveya, zikiachana milimita 300. Kwa mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde, nyuzi 3 zinaleta tofauti ya milisekunde 79 hivi kati ya sensa moja na nyingine. Mkiweka kikomo cha milisekunde 40, katoni mbovu inarudishwa kunyooshwa kabla kreni haijaitwa. Zielekezeni chini kidogo ya ukingo wa juu wa katoni: tepe inayong'aa huwa inazidanganya.

Halafu ishara za makabidhiano. Konveya itoe "tayari" pale tu mota imesimama na sensa ya mwisho imezibwa kwa nusu sekunde mfululizo. Kreni nayo isitoe "nimemaliza" hadi mikono irudi ndani kabisa.

RolaNaReli:
Za ngazi za juu ni habari nyingine. Nguzo huyumba kreni inapofunga breki, na leza ya chini inayopima mahali kreni ilipo haioni mtikisiko wa juu. Lainisheni mpunguzo wa mwendo, au ongezeni muda wa kutulia kulingana na urefu wa ngazi.

Kimo nacho kina pande mbili: kreni ikipokea, sakafu yake iwe chini ya konveya kwa milimita 2 au 3, ikiweka rafuni, iwe juu kwa kiasi hicho hicho. Wengi huweka kimo kimoja kwa kazi zote mbili, na katoni inakwaruza ukingo wa rafu na kugeuka.

Na kabla ya mtu kuingia kwenye njia ya kreni kunyoosha katoni iliyokwama, zimeni umeme mkuu na mfunge swichi kwa kufuli.