Tupeane uzoefu: siku moja Lisbon kwa watu wawili, kutembea na kula

Nahodha wa Kilindini

Wakuu, uzi huu ni wa wanaokwenda Lisbon wawili wawili wakiwa na siku moja tu ya kuzunguka. Tuandike ya kutumika: njia, tiketi, chakula, na pale watu wanapokwama. Naanza na Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto.

Belém ni ya asubuhi. Duka la Pastéis de Belém, linalooka vile vikeki vya kastadi tangu 1837, hufungua saa 2. Monasteri ya Jerónimos hufungua saa 3 na nusu, na Jumatatu imefungwa. Kwa hiyo kuleni kwanza. Foleni inayoonekana nje ya duka ni ya wanaonunua na kuondoka nazo. Wanaotaka kukaa wana nafasi ndani, vyumba kadhaa vyenye mamia ya viti. Agizeni viwili kila mtu, nyunyizeni mdalasini na sukari ya unga, na mle vingali moto. Vikipoa, ukoko hunyonya unyevu wa kastadi na kulegea, utamu wote ukaondoka.

Pale Jerónimos, mlango wa kanisa na mlango wa ua wenye matao ni mbali mbali. Hakikisheni mmepanga foleni ya mnachokitaka. Kanisani, kaburi la kushoto mara tu unapoingia ni la Vasco da Gama. Kwa mtu wa pwani yetu hapo si pa kupita mbio: ndiye aliyefika Malindi Aprili 1498 akapata rubani wa kumvusha hadi India. Na jengo lenyewe lilijengwa kwa kodi ya biashara iliyofunguliwa na safari hizo, viungo vikiwemo.

Kisha vukeni barabara kwa njia ya chini ya ardhi mpaka mnara wa Padrão dos Descobrimentos, mita 56, wa mwaka 1960. Chini yake kuna ramani ya dunia ya mawe yenye njia za meli na miaka yake. Mnara ule ulijengwa kusifu mabaharia. Habari ya Mombasa kuporwa na kuchomwa moto na Wareno 1505 nendeni nayo kichwani. Mnara wa Belém uko mwendo wa dakika 15 hivi kuelekea magharibi, na uzuri wake mkubwa unaonekana kwa nje.

Mzee wa Reli

Mkuu umesahau tiketi, na ndipo wengi wanapopoteza hela. Kadi ya usafiri inaitwa Navegante, senti 50 za euro, na kila mtu awe na yake. Mke na mume hawawezi kugonga kadi moja kwa safari moja. Kuna njia mbili za kuijaza: tiketi ya saa 24, takriban euro 7, au salio linalokatwa kila safari, kitu wanachokiita zapping.

Tiketi ya saa 24 ya kawaida inafanya kazi kwenye metro, mabasi na tramu za mjini. Haikubali treni wala feri. Mtu anaishika, anakwenda stesheni ya Cais do Sodré kupanda treni ya Belém, geti halifunguki. Na kadi yenye tiketi ya saa 24 haipokei salio mpaka tiketi iishe. Inabidi ununue kadi nyingine. Ukiwa na saa 24, nenda Belém kwa tramu namba 15E. Ukiwa na salio, treni ndiyo ya haraka, ila soma ubao kwanza: za mwendo kasi hazisimami Belém.

Tiketi kwa dereva wa tramu ni zaidi ya euro 3 kwa mtu. Kwa salio ni chini ya 2.

Binti Chumbageni

Hongereni kaka zangu. Nami niseme ya mchana.

Lisbon ni vilima, na mawe ya njiani yamelainika kwa kukanyagwa. Mvua ikinyesha yanateleza vibaya. Viatu vya soli ya mpira, visigino viacheni hotelini. Siri ya miguu ni kupanda kwa gari na kushuka kwa miguu. Basi 737 linatoka Praça da Figueira hadi ngome ya São Jorge. Kutoka huko teremkeni kupitia Portas do Sol na Santa Luzia, sehemu za kutazamia mji, kanisa kuu la Sé, mpaka Baixa. Mtaa wa Baixa umenyooka kwa sababu ulipangwa upya baada ya tetemeko la 1 Novemba 1755.

Tramu 28 ni nzuri, lakini mchana pale Martim Moniz inakoanzia foleni ni ndefu na ndani mnabanana, wachomoa mifuko wakifurahi. Pandeni mapema asubuhi, au anzieni upande wa pili, Campo de Ourique. Pochi iwe mbele.

Sasa mezani. Mkikaa tu, mhudumu anaweka mkate, zeituni, jibini. Si zawadi, vinalipiwa kimoja kimoja. Msipovitaka semeni mapema virudishwe. Ambacho hamkuagiza wala kukigusa hampaswi kulipia. Kisha angalieni neno *dose*: sahani moja ya namna hiyo mara nyingi inawatosha wawili. *Meia dose* ni nusu. Wawili wakiagiza dose mbili, chakula kitabaki.

Wasiokula nguruwe wawe macho. Bifana ni mkate na kitimoto. Caldo verde ni supu ya mboga, ila huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe juu. Samaki ndiye mkombozi: bacalhau à brás, yaani chewa mkavu aliyechambuliwa na kukorogwa na mayai na viazi vyembamba vya kukaanga. Na zile sambusa za mikahawani, *chamuças*, ni urithi wa Goa na Msumbiji. Ulizeni nyama gani. Mkitaka halali, nendeni mtaa wa Mouraria, barabara ya Rua do Benformoso, kwa Wabangladeshi na Wapakistani.

Mzee wa Reli

Dada umemaliza. Nyongeza ya jioni: jua likianza kushuka, pandeni feri Cais do Sodré kwenda Cacilhas, kama dakika 10. Ng'ambo ile ndipo mnaiona Lisbon yote, na daraja la 25 de Abril upande wa kushoto mkitazama mji.

Nahodha wa Kilindini

Na wanaotaka fado, zile nyimbo za huzuni za Kireno: wekeni nafasi mapema, ulizeni kiwango cha chini cha kutumia kwa kila mtu kabla ya kukaa. Mwimbaji akianza taa hupunguzwa na hakuna kuongea. Agizeni chakula kabla hajaanza, vinginevyo mtasubiri mpaka mapumziko.