Tupeane uzoefu: Uliachaje kuishi kwa "watu watasemaje"?

#1 (mleta mada)
Shalom wapendwa. Naanza mimi. Mwaka jana niliandika laki tano kwenye kadi ya mchango wa harusi ya binamu yangu, na ada ya mwanangu sijamaliza. Kisa? Ahadi ya kaka yangu ilishasomwa mbele ya kamati. Nikakopa kikoba. Usiku wa sherehe nimekaa meza ya mbele, pilau haishuki, napiga hesabu ya marejesho.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kusoma Neno kanisani, 1 Samweli 15. Nikafika mstari wa 24, Sauli anakiri kwamba aliwaogopa watu akatii sauti yao. Mfalme mzima! Sauti ikanikatika palepale.

Kadi iliyofuata niliandika elfu thelathini, nikaipeleka kwa mkono wangu. Nilitetemeka, ila pesa ilikuwa yangu na nilitoa kwa moyo. Karibuni na shuhuda zenu.

#2
Pole na hongera, mtumishi. Mimi nina miaka tisa kwenye ndoa, sina mtoto. Wenzangu wote mtaani ni Mama Fulani, mimi naitwa "shemeji" au "yule dada". Kila ubatizo wa mtoto macho ya akina mama yanatua tumboni kwangu, mpaka nikaanza kukwepa jumuiya.

Siku moja tunamenya viazi vya msiba, mama mmoja mtu mzima akaniambia bila kuinua uso, "Mwanangu, kasome Isaya 43:1. Mungu anakuita kwa jina lako." Kisu kikasimama mkononi. Jina langu mwenyewe! Sijapata mtoto mpaka leo. Ila jumuiya nimerudi, na wakiniuliza jina nalitaja lote.

#3
Naomba nichangie tofauti kidogo. Nilipookoka, maneno ya Paulo ya Wagalatia 1:10 niliyageuza fimbo. Nikionywa tu, najibu, "Mimi siwapendezi wanadamu." Nilimjibu hivyo hata mama mkwe, mbele ya wajukuu. Nilidhani ni imani, kumbe kiburi.

Paulo huyohuyo, 1 Wakorintho 10:33, anasema anawapendeza watu wote, bila kutafuta faida yake mwenyewe, ili waokolewe. Sasa najiuliza, hapa nampendeza huyu kwa faida yake au nataka sifa? Swali hilo lilinirudisha kwa mama, nikapiga magoti sebuleni nikaomba radhi. Alininyanyua akalia.

#4
Mimi bado, sitawadanganya. Naimba kwaya, nikishuka tu nakimbilia simu kuona nani kanirusha status. Jumapili iliyopita niliiacha nyumbani makusudi. Baada ya ibada nikajikuta nimesimama mlangoni robo saa nzima, nangoja mtu aseme "umeimba vizuri". Niombeeni.

#1
@#4 mpendwa, saa tatu usiku leo nakuombea. Jumapili hii iache tena hiyo simu, ukitoka usisimame mlangoni. Urudi utuambie.