Tupeane uzoefu: kahawa ya nyumbani unaipika kwa njia gani?

Mkazi wa Mwanga (mwanzisha mada)
Wanajamvi, nawasalimu. Shangazi ameniletea buni kutoka Kalinzi, hapa kwetu Kigoma, zimekobolewa lakini bado ni mbichi. Nyumbani nina dele la marehemu babu na presi ya kioo niliyopewa zawadi, yaani chombo cha kulowekea kahawa chenye kichujio cha kusukuma chini. Kila anayepita barazani ana ushauri wake, na shauri hili halipatani na lile. Naomba kila anayepika kahawa nyumbani, awe Kigoma au Tabora, aeleze njia anayoitumia, sababu ya kuichagua, na yaliyompata alipojaribu nyingine.

Mzee wa Ujiji
Mwanangu, mwenye dele hana haja ya chombo kingine. Buni zikaange kwenye chungu kwa moto wa wastani, ukizigeuza bila kukoma, mpaka zianze kupasuka kwa mlio kama wa bisi, kisha uendelee kidogo tu na uziepue. Wengi huharibu hapo, kwa sababu huziacha ndani ya chungu cha moto nazo zikaendelea kuiva mpaka zikaungua. Zimwage kwenye ungo, uzipepete zipoe upesi na maganda yapeperuke. Zilaze usiku kucha ndipo uzitwange. Maji yakichemka tia unga na tangawizi iliyopondwa. Kahawa ikifura epua, irudishe, ikifura tena epua, kisha iweke pembeni mwa makaa mashapo yatuame. Usiimimine kwa haraka.

Binti wa Buzebazeba
Naunga mkono maneno ya mzee, hasa hilo la ungo.

Mpenda Chujio, Tabora
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kahawa iliyofurishwa mara mbili imekwisha kupoteza harufu yake, na tangawizi huwekwa ili kuficha hasara hiyo. Mimi hutumia chujio la karatasi. Njia hii ilianzishwa mwaka 1908 na mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, ambaye alichoshwa na mashapo, akatoboa chombo cha shaba na kutandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe. Buni za Kigoma ni za aina ya arabika, na arabika ya milimani ina uchachu mtamu ambao ukishaichemsha sana hutauonja tena.

Mzee wa Ujiji
Marahaba. Tangawizi haifichi kitu, kijana wangu. Karibu Ujiji, unywe kwanza ndipo unikosoe.

Mwenyeji wa Isevya
Mada hii imenikumbusha jambo ambalo kwetu bado linasimuliwa. Ilikuwa siku ya kuja kwa wazee waliomletea mdogo wangu posa. Shemeji yangu alikuwa amenunua mtumba lile birika la Kiitaliano la aluminiamu, lenye sehemu mbili zinazofungwa kwa kuzungushwa, ambapo maji hukaa chini na kahawa hupanda juu. Akasema wageni wa heshima hawawezi kupewa kahawa ya kila siku. Mama alimsihi aache, naye akaleta jiko dogo la gesi hadi ukumbini ili wazee washuhudie. Unga ulikuwa umetwangwa mlaini kabisa, naye akaushindilia kwa mgongo wa kijiko mpaka ukawa mgumu. Tukangoja. Birika hilo linapofanya kazi vizuri hukoroma, lakini siku hiyo lilikaa kimya huku harufu ya mpira ulioungua ikianza kutoka. Mjomba wa bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza walichokijia, na hapo ukasikika mshindo. Sehemu ya juu iliruka ikagonga dari, na kahawa ikatunyeshea sote. Kanzu ya mjomba iligeuka rangi kuanzia begani hadi magotini, na mshenga akakimbilia uani bila viatu. Mungu alituhifadhi, hakuna aliyeungua, kwa kuwa wazee walikuwa wameketi mbali kidogo. Mama aliinuka bila kusema neno, akaenda jikoni akateleka dele. Tangu siku hiyo nyumba yetu haitumii kitu kingine.

Mama wa Kibirizi
Pole sana, dada. Je, posa ilipokelewa?

Dereva wa Uvinza
Nami nauliza hilo hilo. Na kanzu ilitakata?

Mkazi wa Mwanga
Ndugu zangu, nawaomba turudi kwenye kahawa. Nataka kuelewa birika hilo lilipasuka kwa sababu gani.

Fundi wa Cheyo
Njia yenyewe haina kosa. Sehemu ya chini ya birika ina kijitundu chenye vali ya kutoa mvuke shinikizo linapozidi. Birika la mtumba mara nyingi huwa na vali iliyoziba kwa chokaa ya maji. Ukiongeza na unga laini ulioshindiliwa, mvuke hukosa pa kupita juu na hukosa pa kutokea chini. Mwenye birika hilo ahakikishe kwanza kwamba vali inacheza, ajaze maji yasifike kwenye vali, atumie unga wa wastani na asiushindilie hata kidogo. Mimi hulitumia kila asubuhi na halijawahi kunitisha.

Mwenyeji wa Isevya
Ahsante, Fundi, lakini humu halitarudi. Posa ilipokelewa.

Muuguzi wa Katubuka
Niongeze la afya. Kahawa isiyopita kwenye karatasi, yaani ya dele na ya presi, hubaki na mafuta yanayoweza kupandisha lehemu (kolesteroli) mwilini, ilhali karatasi huyazuia. Mwenye tatizo la lehemu, tena anayekunywa vikombe vingi kwa siku, achague karatasi. Wengine wasiwe na hofu na kikombe chao cha jioni.

Mhaya wa Gungu
Mnasahau aina ya buni. Robusta ya kwetu Kagera ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika, ni nzito, na ndiyo inayostahili dele. Arabika ya Kalinzi mpeni huyo wa karatasi. Jambo la pili ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu, 7 ikiwa katikati na juu yake si chachu) inayokaribia 9 na madini ya magnesiamu mengi, nayo huuzima ule uchachu mtamu. Buni zile zile nilizipika kwa maji ya mvua, ladha ikawa tofauti kabisa. Wenzetu wa Tabora wanaokunywa maji ya Ziwa Victoria hawana shida hiyo.

Mpenda Chujio, Tabora
Hapo nakubaliana nawe kabisa. Tena mji wetu uko kwenye mita zipatazo 1,200, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi. Wanaosema maji yaachwe yapoe kwanza wanafuata vitabu vya watu wa pwani.

Mama wa Kibirizi
Mimi nawaambia yapoe, na kahawa yangu inasifiwa. Na badala ya sukari wekeni asali ya Tabora.

Mzee wa Ujiji
Asali kwenye kahawa! Utamu ni kazi ya kashata, mama. Kahawa iacheni na uchungu wake.

Mkazi wa Mwanga
Nawashukuru wote. Nimebaki na swali moja. Sina mashine ya kusagia, nina kinu tu, na kinu hutoa unga na chenga kwa pamoja. Presi itakubali?

Binti wa Buzebazeba
Itakubali, kaka. Twanga kidogo kidogo, usijaze kinu, kisha pitisha kwenye chekecheke la unga. Chenga zinazobaki juu, zilingane na za mchele, ndizo za presi: weka gramu 60 kwa lita moja ya maji, koroga, ngoja dakika 4, kisha sukuma kichujio taratibu, kikigoma usikilazimishe, kioo hupasuka. Unga uliopita chini usiutupe, huo ndio wa dele la babu. Kwetu presi ni ya asubuhi na dele ni la magharibi, na kinu ni kimoja.

Mzee wa Ujiji
Huyu binti amefundishwa. Ila ule unga wa dele usiulaze wazi, utie kwenye kopo lenye kifuniko siku hiyo hiyo.