Barua ya shule: gumzo la familia, Bombo

Mama Hawa: Assalamu alaykum nyote. Shule imetuletea barua inayosema kwamba mtoto mwenye ugonjwa ulio "contagious" abaki nyumbani. Hawa alipimwa jana akakutwa na malaria, na karatasi ya kliniki inaiita malaria "infectious". Mjomba, wewe uliyefanya kazi ya uuguzi, je, mtoto huyu atawaambukiza wenzake?

Mjomba Ramadhani: Waalaykumu salaam, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hatawaambukiza. "Infectious" ni ugonjwa wowote unaoletwa na vijidudu vinavyoingia mwilini, viwe vimetoka wapi, ilhali "contagious" ni ule tu unaotoka kwa mgonjwa na kumfikia mwenziwe, kama surua na tetekuwanga. Malaria haiwezi kutoka kwa Hawa ikamfikia anayeketi naye dawati moja, kwa sababu lazima apite mbu jike wa anofelesi katikati. Hata pepopunda, ambayo ni ugonjwa wa kuua, huingia kwenye jeraha kutoka udongoni, na anayemuuguza mgonjwa wake haipati kwake.

Shangazi Zainabu: Na Ebola je, kaka? Ilipozuka Mubende, Uganda, mwaka 2022, watu waliogopa hata kupita karibu na nyumba ya mgonjwa.

Mjomba Ramadhani: Hiyo ni "contagious" hasa, Zainabu, lakini si kwa kupita njiani. Mtu huanza kuambukiza dalili zinapoanza, kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na maiti yake ni ya hatari kubwa, ndiyo sababu kuosha maiti kulikatazwa ingawa kwetu ni faradhi. Mwaka 2000 ilimuua Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa kwa mikono yake. Huwa naumia kuona jirani akitengwa kwa ugonjwa usioambukiza, kisha watu wale wale wakamkumbatia mwenye surua. Naona shule ingetaja magonjwa yenyewe kwa majina, mzazi asibaki kukisia.

Mama Hawa: Ahsante, Mjomba. Nitamweleza mwalimu hivyo, na Hawa atarudi darasani homa ikishuka.

Mjomba Ramadhani: Vyema, ila amalize dawa zote za siku tatu hata akijisikia mzima. Usiku alale ndani ya chandarua, kwa maana mbu atakayemuuma yeye anaweza baadaye kuwaambukiza wadogo zake.