Ofisini wanamfanyia mwenzetu mizaha, mimi naona wamevuka mpaka. Nishaurini

Mwanzisha uzi:
Habari zenu wakuu. Ofisini tuna kijana mgeni kazini, mpole. Alipoanza alikaribishwa kwa utani wa kawaida, mara kafichiwa kiti, mara katiliwa chumvi kwenye chai. Naye akalipiza, akabandika karatasi chini ya kipanya cha mwenzake, jamaa akahangaika na kompyuta asubuhi nzima. Tulicheka wote.

Wiki iliyopita walimwekea mezani barua ya kuachishwa kazi, ina nembo na sahihi ya meneja ya kughushi. Kijana akaisoma, mikono ikitetemeka akaanza kukusanya vitu vyake, akampigia simu mama yake kumweleza. Kumbe wanamrekodi. Video ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na sasa kila akipita anaambiwa "fungasha". Anacheka huku anaangalia chini. Nikiwaambia waache, najibiwa kwamba mwenyewe anacheka, eti mimi ndiye sijui utani. Je, nakuza mambo?

Kipepeo77:
Hukuzi chochote. Mgeni aliyezungukwa na wanaomzidi cheo atafanya nini zaidi ya kucheka? Tarehe 1 Aprili 1957 BBC walionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi mitini. Watu walidanganyika, wengine wakapiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Uongo ule haukugusa riziki ya mtu. Huyu kachezewa mkate wake, tena mbele ya mama yake.

Chapakazi:
Mimi nitapingana kidogo. Utani unafanya kazi ivumilike, na kijana alishaonyesha kwamba anauweza. Tukianza kupima kila neno tutakaa kama tuko msibani. Ila sahihi ya meneja, hapo siwatetei. Na hilo la "fungasha" kila siku limeshakuwa uonevu.

Dada Muuguzi:
Chapakazi kaka yangu, kuuweza utani wa chumvi si kuuweza huu. Desemba 2012 watangazaji wawili wa redio ya Australia walipiga simu hospitali ya London alikolazwa Kate, mke wa Prince William, wakijifanya Malkia Elizabeth na Charles. Muuguzi Jacintha Saldanha akaipokea, akaamini, akaiunganisha wodini. Maongezi yakarushwa hewani, dunia nzima ikasikia. Siku tatu baadaye alikutwa amejiua. Wale watangazaji hawakutaka afe, wala hawakumjua. Ndicho kinachonitisha: unamchezea mtu ambaye hujui amebeba nini, halafu unawaalika watu waje kutazama.

Ndugu mwanzisha uzi, usikimbilie kwa meneja peke yako, utamwongezea kijana aibu. Kaa naye kwanza, wawili tu, umuulize anataka nini. Hata akisema yuko sawa, endelea kuwa karibu naye.

Chapakazi:
Dada nimekuelewa. Video ifutwe kabla ya yote. Hiyo ikibaki, mzaha unarudiwa kila anayeifungua.

Mwanzisha uzi:
Nashukuru sana. Nimezungumza naye leo. Anasema usingizi umempotea tangu siku ile, na mama yake bado anampigia kila asubuhi kuuliza kama kazi ipo. Hataki mtu afukuzwe, anataka video iondolewe na waliomfanyia wampigie mama yake wamweleze ukweli. Aliyerekodi amekubali. Aliyeandika barua anabisha, kwa hiyo kesho kijana ataingia kwa meneja, nami ameniomba tuingie pamoja.